Giza Katika Runinga ya Bwanaheri

Hajra na binti yake Adila waliishi Mapinga. Mume wa Hajra, Bwanaheri, alikuwa dereva wa lori. Kila akirudi safari, alicheza gemu ya mpira na Adila kwenye runinga kubwa aliyoinunua mwenyewe. Kisha aliugua, akafariki.

Eda ya Hajra ilipokwisha, Adila aliwasha gemu tena. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mechi ilipoanza, vidoti vyeupe vilitapakaa kwenye kioo kama mchanga. Kioo kikawa cheusi. Sauti ikakatika. Lakini pedi ya kuchezea gemu iliendelea kutetemeka mkononi mwa Adila, kana kwamba kuna mtu bado anacheza.

Hajra alitazama kioo cheusi. Akaona kanzu nyeupe imesimama nyuma yake. Aligeuka kwa hofu. Ilikuwa kanzu ya marehemu, imetundikwa mlangoni.

Picha ikarudi. Ikapotea tena. Siku tatu mambo yalikuwa hayo hayo. Taarifa ya habari ilionekana vizuri. Gemu tu ndiyo iliyopotea.

"Baba yako hataki," Hajra alinong'ona. Akaanza kufunga mizigo. "Twende kwa mjomba wako Lugoba. Silali tena nyumba hii."

Adila alimkimbilia jirani yao Sabiha, fundi wa runinga.

"Shikamoo, Bi Hajra," Sabiha alisema alipoingia.

"Marahaba, mwanangu. Usiiguse hiyo runinga."

Sabiha alichungulia nyuma ya runinga. "Waya huu unaotoka kwenye mashine ya gemu mmeutoa wapi?"

"Ni wa king'amuzi cha zamani," Adila alijibu. "Wetu ulipotea tulipohamisha vitu wakati wa msiba."

"Basi ndiyo hapo. Waya huu hubeba gigabiti kama kumi kwa sekunde. Gigabiti ni kipimo cha data, yaani mzigo wa picha unaopita humu. Gemu yenu ina picha kali ya 4K, rangi na mwanga wa HDR, tena picha 120 kila sekunde. Mzigo wake unakaribia arobaini. Waya ukizidiwa, vidoti hutokea, au picha hupotea. Habari mnazipata kwa antena, hazipiti humu."

"Na pedi je?" Hajra aliuliza. "Nani anaitikisa?"

"Gemu yenyewe. Inaendelea ndani ya mashine. Picha ndiyo haifiki."

Sabiha alizima HDR, akashusha picha hadi kiwango cha kawaida. Giza halikurudi.

"Mkinunua waya mpya, someni maandishi kwenye boksi lake: 'Ultra High Speed'. Mita mbili zinatosha. Uchomekeni kwenye tundu la runinga linalopokea picha 120."

Kesho yake Adila alikwenda Bagamoyo mjini, akaununua. Akarudisha HDR na picha kali kama mwanzo. Alicheza saa nzima. Rangi zilimeta, na kioo hakikuzimika hata mara moja.

Hajra alikuwa akifuta machozi.

"Mama, si imepona?"

"Imepona, mwanangu. Ila siku zile tatu nilidhani yupo nasi."

Adila alisogea, wakakaa bega kwa bega.

"Hebu nifundishe," Hajra alisema mwishowe. "Napigaje mpira?"

Alifungwa mabao saba. Akaomba mechi nyingine.