Kula Mbele ya Selestina

Mnada wa Karatu ulikuwa umefurika. Vumbi jekundu lilikuwa limepanda hadi kwenye kope za watu, nyama zilikuwa zikidondosha mafuta juu ya makaa, na wauza mitumba walikuwa wakigombea wateja kwa vipaza sauti. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Selestina Qamara na beseni lake la begeli, amevaa gauni la njano na aproni nyeupe, nywele zimesukwa mistari ya kulala nyuma. Alikuwa mzuri na alijijua kuwa ni mzuri, jambo ambalo si kosa.

Begeli, kwa asiyezijua, ni mikate ya mviringo yenye tundu katikati. Huchemshwa kwanza kwenye maji, ndipo ziokwe, na juu hunyunyiziwa ufuta au vitunguu vya Mang'ola. Selestina alikuwa akimweleza hayo mama mmoja aliyetaka kujua hilo tundu limekwenda wapi na kama limepunguzwa kwenye bei, pale beberu mweusi alipotokea nyuma yake, akatia mdomo kwenye beseni na kuanza kula kwa utulivu, bila haraka yoyote.

"Kaka, huyu mbuzi ni wako?" Selestina alimuuliza kijana aliyekuja mbio.

"Alikuwa wangu. Nimemuuza sasa hivi kwa mzee yule pale."

"Na wakati anakula alikuwa wa nani?"

Kijana alimwangalia beberu, akamwangalia Selestina, na macho yakakataa kuondoka hapo. Alikuwa Mmasai mrefu, shuka jekundu begani, katambuga miguuni, saa kubwa ya mkononi. "Wangu," alikiri. Akanunua begeli zote zilizobaki, hata zile zilizolambwa. Jina lake Supeet, alisema, wa Soitsambu, na kazi yake ilikuwa kuwatembeza watalii kwa miguu katika nyanda za juu za Ngorongoro.

Selestina alimwambia aonje moja, aone kama beberu wake ana akili. Supeet alitabasamu, akazifunga begeli kwenye pindo la shuka, akasema atakula baadaye. Aliomba namba ya simu na akapewa.

Duka lililooka begeli hizo lilikuwa mtaa wa nyuma ya barabara ya lami ipandayo kwenda geti la Ngorongoro. Mwenyewe alikuwa Mama Sipora, Myahudi wa Mbale, Uganda, mweusi kama sisi sote, jambo lililowachanganya waumini wengi wa Karatu waliodhani Wayahudi wamebaki kwenye Biblia. Wapo waliokwenda kumuuliza kama amewahi kuuona mto Yordani. Aliwajibu kwamba anaujua mto Manafwa, na kwamba huo nao hufurika. Nyama haikuingia dukani kwake, hata sambusa mkononi mwa mteja, kwa sababu mle mlikuwa na siagi na jibini, na kwa sheria ya dini yake nyama na maziwa havikai jiko moja. Kila Ijumaa kabla jua halijazama alifunga mlango, simu akaiweka kabatini, na hakuna aliyempata mpaka Jumamosi jua lizame tena.

Selestina alikuwa mkono wake wa kulia. Yeye ndiye aliyesuka hala, mkate wa sabato, misokoto sita iliyonyooka kuliko nywele za mtu yeyote mjini. Yeye ndiye aliyekunja vikeki vya mdalasini vyenye jamu ndani, ambavyo madereva wa watalii walivila wakiwa bado wamewasha injini.

Supeet alianza kuja kila alipoteremka mjini. Alinunua begeli za ufuta, akakaa kwenye benchi la nje, akazungumza na Selestina kwa muda mrefu kuliko ununuzi wa mkate unavyohitaji. Jioni alipiga simu.

"Umeshinda salama, Sele wangu?"

"Nimeshinda. Wewe bado unalala na ng'ombe?"

"Hatulali na ng'ombe. Tunalala karibu nao. Ipo tofauti."

"Tofauti gani?"

"Ng'ombe hakoromi."

Selestina alicheka mpaka Mama Sipora, aliyelala chumba cha pili, akagonga ukuta. Walitaniana hivyo miezi mingi. Selestina alimwambia kwamba babu zake Supeet waliwaibia babu zake yeye ng'ombe. Supeet alimwambia kwamba ndiyo maana amekuja, kuwarudisha mmoja mmoja, kama mahari. Kusema kweli wote wawili walikuwa wamekwisha. Mapenzi ni kikohozi, na mtaa mzima ulikuwa ukiwasikia wakikohoa.

Ila kulikuwa na jambo moja. Supeet hakuwahi kula begeli mbele yake. Zikitoka tanuri, zinafuka moshi, alizipokea, akazinusa, akazifunga kwenye shuka. Selestina alipouliza zilikuwaje, alijibu kwamba wenzake wamezifurahia sana. Siku moja alimtengenezea ya kwake peke yake, kubwa, yenye jibini laini na asali ya nyuki wadogo, akasimama mbele yake mikono kiunoni. Supeet aliitazama ile begeli kwa huzuni iliyomshangaza, akaifunga.

Mambo yalikuja kuharibika Jumapili moja, nyumbani kwa mama yake Selestina huko Rhotia. Mama Cresensia alikuwa mjane, mkulima wa ngano na maharage, mwanamke asiyesahau. Habari za Mmasai hazikumfurahisha, lakini mgeni ni mgeni: alichinja kuku, akapika ugali wa kutosha ukoo, akatoa kitambaa cha meza cha Krismasi. Supeet alikuja amevaa vizuri, shuka jipya, mkufu wa shanga shingoni. Alisalimia kwa adabu zote na akainamisha kichwa. Kisha chakula kikaja, na akasema ameshiba. Chai pia akakataa. Aliomba afungiwe kuku akale njiani.

Mama Cresensia alimfungia. Mgeni alipoondoka, mama alikunja kitambaa cha Krismasi taratibu.

"Mtu asiyekula kwangu ameniona mchawi," alimwambia binti yake. "Leo hali chakula changu, kesho atakula chako?"

Selestina alirudi Karatu na swali hilo, na lilimuuma. Kesho yake dukani alikuwepo Nelson, dereva mnene mwenye roho nzuri na shati lililonyooshwa, aliyekuwa akila begeli tatu bila kushusha pumzi na kusifia kila tonge. Nelson alimpenda Selestina muda mrefu na hakuficha. Alimwambia, huku akijifuta jibini mdomoni, kwamba mara nyingi hupishana na yule Mmasai pale getini, na kila mara humkuta akiwakatiakatia vijana wenzake begeli, nyuma ya kibanda cha walinzi. "Anazigawa kama pipi," alisema. Hakusema uongo. Aliyoyaona aliyaona.

Jioni hiyo Selestina hakungoja simu. Alipiga mwenyewe.

"Supeet, kwa nini huli chakula changu?"

"Nakula."

"Sijawahi kukuona."

"Ndiyo. Hujaniona."

"Unanijibu hivyo? Mbuzi wako alikula mbele ya macho yangu, wewe mwaka mzima unafungafunga. Umemdharau mama yangu mezani kwake."

Supeet akasema hilo si jambo la kuzungumza kwenye simu.

"Basi tusizungumze kabisa," Selestina alisema, akakata, akaizuia namba yake, akalia juu ya unga wa kesho.

Mama Cresensia hakupoteza muda. Wazee wa kwao Nelson walikuwa wakiomba kuja kuposa kitambo. Sasa aliwaruhusu waje Jumapili baada ya misa. Selestina hakusema ndiyo wala hapana, na kila mtu nyumbani alilichukua hilo kuwa ni ndiyo. Alikuwa anajua kwamba wazee wakishakaa na kunywa, kurudi nyuma ni aibu ya ukoo mzima. Wiki hiyo hala zake zilitoka zimepinda.

Ijumaa alasiri Mama Sipora alizitazama, akavuta kigoda.

"Mwanangu, Krismasi ile ulipoleta kwangu pilau ya mbuzi, nilikula?"

"Hukula, mama."

"Kwa nini?"

"Si nilikaangia siagi? Nyama na maziwa."

"Ulinichukia?"

"Nilikuchukia wiki nzima, mpaka uliponieleza."

"Maisha yangu yote nakataa chakula kwa watu wema," Mama Sipora alisema. "Mbale waliniita mwenye majivuno. Hapa wameniita mchawi. Aliyeniuliza sababu ni wewe peke yako. Huyo kijana umemuuliza, au umemgombeza?"

Kisha akaongeza kwamba Supeet amekuwa akipiga simu ya duka siku zote hizo, na kwamba yeye amechoka kumwambia Selestina yuko chooni. Akaiweka simu juu ya meza ya unga, akaenda nje kutazama jua, maana lilikuwa limeanza kushuka na sabato haingoji wapenzi.

Selestina alipiga. Ilipokewa kabla haijaita vizuri.

"Nakuuliza sasa," alisema. "Sigombi. Kwa nini?"

Supeet alivuta pumzi. "Mimi bado ni morani, Sele. Morani hali mbele ya mwanamke, na hali peke yake. Anakula na wenzake wa rika, mahali ambapo wanawake hawamwoni. Baba aliniapisha: chochote kinachopita mdomoni."

"Nilijua hiyo ni nyama. Begeli pia?"

"Baba hakuwahi kusikia habari ya begeli. Alisema chochote."

"Mbona hukuniambia? Mwaka mzima."

"Kazi yangu kutwa ni kujieleza kwa wageni. Kwa nini unavaa hivi, kwa nini unaruka hivi, simama hapo tukupige picha. Kwako nilitaka kuwa mtu tu. Nikaogopa nikikwambia utacheka, au utanihurumia. Sasa nimekukosea wewe na mama yako, na sijui kipi kinaniuma zaidi."

Selestina alikaa chini kwenye gunia la ngano. Alikumbuka Nelson na vile vipande nyuma ya kibanda. Vijana wa rika moja wakigawana sawasawa, kila mmoja na chake, na Supeet katikati yao akila.

"Uko na nani sasa?" aliuliza.

"Niko na Parmuat."

"Mna begeli?"

"Ya juzi. Imekauka."

"Mpe Parmuat nusu. Sikuoni, Supeet, nasikia tu. Baba yako hakusema chochote kuhusu masikio."

Ukaja mlio wa mkate mkavu ukivunjika, na baada yake kutafuna, taratibu, kwa mtu aliyeutaka sana. Selestina alisikiliza mpaka tonge la mwisho. Alikuwa akitabasamu na machozi yanamtoka, na unga ulikuwa umemganda mashavuni. Hakuwahi kumpenda mtu namna ile.

"Lini mtatolewa umorani?" aliuliza.

"Baada ya mavuno. Wazee watatubariki, na kila mmoja atalishwa na mke wake mbele ya watu. Kuanzia hapo anakula popote."

"Na asiye na mke?"

Mama Sipora alikuwa mlangoni akionyesha angani kwa kidole, na simu ikaingia kabatini.

Jumamosi Selestina alikwenda Rhotia akamweleza mama yake yote. Mama Cresensia alisikiliza huku akichambua maharage, akasema ni afadhali kujua kuliko kudhani, lakini yeye kuku wake alimchinja kwa heshima na bado anamdai mtu heshima hiyo. Hata hivyo aliwatumia ujumbe wazee wa Nelson kwamba wasije. Nelson aliumia kweli, wala si kidogo. Kwa wiki mbili alinunua maandazi kwingine, kisha akarudi, kwa kuwa maandazi yale hayakuwa na jibini.

Mavuno yakapita. Ngano ikakatwa, mashamba yakabaki na mabua, na Supeet akapotea huko Soitsambu kwa wenzake, mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha. Selestina alingoja. Kungoja hakukuwa desturi yake na alilalamika kila siku.

Supeet alirudi asubuhi moja, duka limejaa. Madereva walikuwa wakibeba maboksi ya chakula cha watalii, Nelson akiwa wa kwanza, na Mama Cresensia mwenyewe alikuwa kwenye kaunta, ameleta mayai. Supeet aliingia amenyoa kichwa, shuka limekunjwa vizuri, Parmuat nyuma yake. Kwa mara ya kwanza hakukaa kwenye benchi la nje. Alimsogelea kwanza Mama Cresensia, akainama, kichwa chake kikiwa karibu na mkono wa mama.

"Mama, nilikuacha na chakula mezani. Nisamehe."

Mama Cresensia alikigusa kile kipara kwa kiganja, kama Wamasai wanavyowasalimia watoto wao.

Supeet akageuka.

"Wenzangu wote wamelishwa na wake zao," alimwambia Selestina. "Mimi nilisimama pembeni, nikasema wangu yuko Karatu. Nina njaa tangu nimeondoka huko. Ukinilisha hapa, mbele ya mama yako, umenikubali kuwa mume. Usipotaka, nifungie kama kawaida, nitaelewa."

Selestina alinawa mikono. Hakuchukua begeli zilizopoa. Aliwafanya wote wangoje mpaka tanuri lifunguliwe. Akatwaa moja ya ufuta, akaivunja, mvuke ukatoka, akakipulizia kipande kimoja na kumwekea mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe.

Supeet alitafuna. Alitafuna polepole, macho yamefumbwa, watu wote wanamwangalia mdomo. Kisha akayafumbua, akamtazama mchumba wake.

"Sele," alisema, "chumvi imezidi kidogo."

Selestina alicheka mpaka akamshika bega asianguke, akamega kipande kingine, kikubwa zaidi, akamziba nacho mdomo.