Nambari Isiyopumua

Saa 10:15 alasiri

Zaghlul alichora kiwanda kwa chaki sakafuni, kati ya rundo la matairi na jiko ambalo halijawashwa tangu daku. Chumba cha nyuma cha duka lake, mtaa wa Arbaini, Suez. Ramadhani. Mlango umefungwa, feni imekufa, wanaume watatu na kiu ya kutwa nzima.

"Mzigo uko hapa," alisema, akagonga chaki. "Nyavu sita za platini. Kesho zinafungwa ndani ya tanuri. Leo zimo kwenye sanduku, na sanduku limo kwenye chumba cha chuma."

Nyavu zenyewe ni laini kama shela ya bibi harusi. Amonia hupita katikati yake, kiwanda kikapata asidi ya kutengenezea mbolea. Kuna mtu Bursaid aliyekuwa akizingojea, na huyo haulizi mtu katoa wapi.

Kufuli la chumba kile halina ufunguo wa kuiba. Lina jambo moja tu: amonia ikivuja, linajifungua lenyewe. Geti kubwa nalo hupanda lenyewe, ili mtu asife nyuma ya mlango. Fikri, mkata vyuma wa Zaghlul, kijana mwenye mikono mikubwa na subira ya dakika mbili, alicheka hadi akakohoa.

"Kwa hiyo tunahitaji gesi ivuje," akasema.

"Tunahitaji Pua iseme inavuja," Zaghlul akamsahihisha, akamtazama Wagdi. "Na Pua ina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Wagdi, fundi wa vipimo, miaka kumi na mitano kazini. Pua ni jina la wafanyakazi tu. Ni mtambo ulio katika kibanda chake, unaonusa hewa ya kiwanda kila sekunde na kupeleka nambari kwenye skrini ya chumba cha uendeshaji. Kila wiki Wagdi huugeuza usinuse hewa, akaunusisha gesi ya chupa ambayo kipimo chake kinajulikana, hamsini kamili, aone kama bado unasema kweli. Siku ya kupima huzima ving'ora kwanza. Leo asingevizima.

"Bomba la njano lipo kushoto mnapotoka," Wagdi alisema. Aligusa mchoro wa chaki kwa kidole. "Lina amonia, na koki yake ni mbovu. Sanduku mlipitishe kulia. Ni mbali, lakini kulia."

"Sawa, mhandisi," Fikri akasema, kwa dhihaka.

Zaghlul alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaikunja tena. Wagdi aliijua karatasi ile. Miaka miwili nyuma Wagdi alisaini kitabu cha Pua kwamba ameipima, na hakuipima. Alikuwa na haraka ya kwenda kwenye posa ya binti yake. Usiku ule Pua ilikuwa mfu, gesi ikavuja, na Metwalli mfagizi akapoteza macho yote mawili. Zaghlul, aliyekuwa mlinzi enzi hizo, aliuchana ukurasa kabla ya wachunguzi kufika. Akautunza. Leo ndiyo siku aliyoutunzia.

Kitabu kile kila ukurasa una saini mbili. Ya pili ilikuwa ya mzee Barsoum wa chumba cha uendeshaji, ambaye siku zote alisaini bila kusoma, kwa kuwa Wagdi alikuwa kama mwanawe. Karatasi ikifika kwa mwendesha mashtaka, wanakwenda jela wote wawili. Hapo ndipo Zaghlul alipomkaba Wagdi.

"Ikilia adhana ya Magharibi wote wako mezani," Zaghlul akamaliza. "Skrini haina mtu."

Wagdi alijua sivyo. Barsoum ni Mkristo. Mwaka wa ishirini huu, kila Magharibi ya Ramadhani, yeye hukaa peke yake mbele ya skrini wenzake wapate kufuturu, nao humshikia zamu sikukuu yake ya Krismasi. Kiwandani hata paka analijua hilo, ila Zaghlul enzi zake alilinda geti, saa ya futari hakuwahi kufika chumba cha uendeshaji. Wagdi hakulisema, na hata mwenyewe hakujua kwa nini.

Saa 11:35 jioni

Waliingia na pikapu ya futari. Masufuria ya mahashi, mboga zilizojazwa wali, nyuma, turubai juu, barakoa za gesi na ovaroli za zimamoto chini. Wakati wa Ramadhani nani anapekua chakula cha sadaka? Mlinzi aliwaombea dua, akawapungia mkono.

Saa 12:02

Kibanda cha Pua kina ukubwa wa choo. Zaghlul alimsukuma Wagdi ndani, akamnyang'anya barakoa yake.

"Hii ya nini? Humu hamna gesi ya kweli."

Halafu akafunga kufuli kwa nje.

"Zaghlul. Hilo hatukukubaliana."

"Ni ili usibadilishe mawazo. Nikipita na mzigo nitakufungulia."

"Usipopita?"

"Ombea nipite."

Nyayo zikaondoka. Wagdi alijaribu mlango kwa bega, ukagoma. Dirisha lilikuwa kioo kinene kisichofunguka, upana wa sahani. Mezani kulikuwa na kitabu cha Pua, kalamu, redio ya mkononi, na tende aliyoiweka asubuhi. Aliogopa, tena aliogopa vibaya.

Saa 12:07

Adhana. Hakuigusa tende. Aligeuza vali, chupa ikatoa mlio mwembamba, nambari ikapanda. Hamsini. Ving'ora vikalia.

Kupitia kioo aliwaona wanatoka bwalo la chakula, watu arobaini, wengine vijiko mkononi, mmoja kashikilia bakuli la supu asimwage. Wakakimbilia uwanja wa kukusanyikia. Zaghlul na Fikri walikimbia kinyume na wote, barakoa usoni, na watu wakawaombea Mungu awalinde.

Saa 12:11

Redio ikakwaruza.

"Wagdi, mwanangu, uko kwenye Pua?"

Ilikuwa sauti ya Barsoum, ya polepole kama kawaida yake.

"Niko, ami."

"Nini hiki?"

"Ni kweli, ami. Inavuja. Waweke watu nje."

Kiti kililia redioni.

"Niko kwenye kiti hiki tangu hujaota ndevu. Gesi ya hewani inapanda, inashuka, inapumua kama mtu. Hii imesimama hamsini, haitikisiki. Hii ni ya chupa. Umepima ukasahau ving'ora, eti? Haya, hutasemwa na mtu. Watu wana njaa, wacha wale."

"Ami, usiwarudishe."

Lakini ving'ora vilikwisha kuzimwa. Kufuli na geti husikiliza nambari wala si ving'ora, na nambari ilikuwa bado hamsini, kwa hiyo mipango ya Zaghlul haikuharibika. Watu uwanjani walicheka, wakapigana mabega, wakaanza kurudi kwenye sahani zao.

Saa 12:13

Kilisikika chuma kikigonga chuma. Kisha mfoko mrefu.

Fikri alipita kushoto. Wagdi alilijua kabla ya kuona. Ukungu mweupe ulitoka mlango wa jengo la tanuri, ukajilaza chini, ukaanza kutambaa kuelekea bwalo. Harufu ilipenya chini ya mlango, kali, ikamchoma macho. Mawazo yake yote yakaenda kwa Metwalli, ambaye kila Ijumaa msikitini humtambua kwa nyayo na kumsalimia yeye kwanza.

"Ami, sasa ni kweli. Wallahi ni kweli."

"Ndivyo ulivyosema na mwanzo," Barsoum akajibu, amechoka. "Na nambari ni ileile."

Lilikuwa neno lilelile, na mara ya kwanza alikuwa amelisema kwa uongo. Sasa ameushika ukweli mkononi na hauna anayeutaka. Barsoum hatasadiki mdomo wake. Atasadiki Pua tu, na Pua ilikuwa inanusa chupa.

Saa 12:15

Zaghlul alitoka ndani ya ukungu peke yake, anavuta toroli. Alipitia kibandani. Wagdi akapiga kioo kwa ngumi.

"Fikri yuko wapi?"

"Barakoa imemtoka. Kaanguka," Zaghlul alisema nyuma ya mpira wa barakoa. "Shikilia hamsini hiyo mpaka nivuke geti. Ukiishusha, ile karatasi inakwenda kwa mwendesha mashtaka. Yako na ya mzee wako."

"Kwanza nifungulie."

Zaghlul alitazama kufuli. Akatazama ukungu. Akaendelea na toroli yake.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Wagdi akabaki na vali moja. Akiiacha, geti linabaki juu, Zaghlul anapita, karatasi inalala mfukoni, na watu arobaini wanakaa mezani kungoja gesi. Akiigeuza irudi kwenye hewa, nambari itaanguka hadi sifuri kabla bomba halijavuta hewa mpya. Hiyo ni dakika nzima. Geti litashuka, na Zaghlul atajua ni nani kalishusha. Yeye mwenyewe amefungiwa ndani, na gesi iko mlangoni.

Pikapu ikanguruma. Ukungu ulifika ngazi za bwalo.

Akaigeuza.

Hamsini. Thelathini na moja. Kumi na mbili. Sifuri. Kule mbele geti lilishuka kwa kishindo juu ya boneti ya pikapu, likaibana, likakwama hapohapo lisipande tena.

Wagdi alihesabu pumzi zake. Macho yalikuwa yanatiririka, skrini ndogo ya Pua haionekani vizuri.

Tatu. Tisa. Nane. Kumi na nne. Ishirini na saba. Ishirini na tano. Arobaini na moja. Thelathini na nane.

Redioni Barsoum hakusema na yeye. Alisikika akipaza sauti kwenye vipaza sauti vya kiwanda kizima: tokeni, acheni vyakula, upande wa geti, zibeni pua kwa kitambaa. Ving'ora vikarudi. Vali kuu ya amonia ikafungwa, na mfoko ukaanza kufifia.

"Ami," Wagdi akasema. "Kuna mtu kaanguka jengo la tanuri, kwenye bomba la njano. Wapeleke zimamoto."

"Nani?"

Alimeza mate, yaliwaka.

"Mwizi mwenzangu."

Kisha Barsoum akawatuma zimamoto kwa jengo la tanuri, kwa sauti ileile ya polepole, ila ilikuwa imepasuka kidogo.

Saa 12:31

Walipovunja kufuli walimkuta sakafuni, mpira wa hewa safi ya kusafishia mitambo ameung'oa na kuubana mdomoni. Fikri alikuwa hai, amefungwa vitambaa uso mzima. Zaghlul alitolewa kwenye pikapu na watu arobaini wenye njaa, na hawakumtoa kwa upole. Karatasi walimkuta nayo.

Barsoum aliingia kibandani kabla ya polisi, akaketi juu ya chupa tupu. Kitabu cha Pua kilikuwa wazi mezani. Maandishi yalikwenda upogo, ya mtu asiyeona vizuri.

Saa 12:07, gesi ya chupa, nimefungulia mimi, kwa ajili ya wizi. Saa 12:16, nimeirudisha kwenye hewa. Pua inasema kweli. Chini yake aliandika tarehe ya miaka miwili nyuma, na maneno machache: siku hii sikupima, Barsoum alisaini kwa kuniamini. Kisha saini yake. Pembeni nafasi ya saini ya pili ilikuwa tupu.

"Hujafuturu," Barsoum alisema, akiitazama tende.

"Bado, ami."

Akampa. Wagdi alitafuna pole pole, askari wakingoja mlangoni na pingu. Barsoum alichukua kalamu, kalamu ikafika kwenye karatasi, ikasimama. Akairudisha mezani. Akatafuta miwani mfukoni, akaivaa, akaanza kusoma kutoka mstari wa kwanza.

Alisoma hadi mwisho. Ndipo akasaini.