Mapovu Yaliyomfurahisha Shangazi

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alipitia maabara ya shangazi yake. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu ya domo lake, maana aliongea hata akitafuna. Shangazi alikuwa akitengeneza unga wa manjano ambao, ukitiwa kwenye chupa ya maji na kuwekwa juani, hutoa mapovu ya gesi inayowaka. Shida ni kwamba mapovu yalikuwa machache mno, naye alikuwa amehangaika muda mrefu kuuboresha.

Chiriku alisaidia kuosha chupa: kwanza kwa spiriti, kisha kwa maji safi. Siku hiyo wenzake walikuwa wanamsubiri uwanjani, basi akaosha kwa spiriti tu, maji akayaruka.

"Umeisuuza kwa maji?" shangazi akauliza.

"Ndiyo, shangazi," akajibu, mguu mmoja tayari uko nje.

Aliporudi, alimkuta shangazi ameinama dirishani, anacheka peke yake. Ndani ya chupa ile aliyoiosha Chiriku, mapovu yalipanda kwa fujo.

"Unga mpya umekubali, mwanangu. Ngoja nimpigie mkuu wa maabara, kesho aje na wageni wake."

Chiriku akaikodolea macho chupa. "Shangazi, spiriti ikibaki kwenye chupa inakuwaje?"

"Unga unaivamia hiyo kwanza, kwa kuwa ni rahisi kuliko maji. Mapovu yanajaa, lakini ni ya kudanganyia watu. Spiriti ikiisha, nayo yamekwisha." Akachukua simu.

Chiriku alimwona akitafuta namba. Angenyamaza, kesho shangazi angeumbuka mbele za watu, na kosa si lake.

"Usimpigie," akasema, machozi yakimtoka. "Sikusuuza. Nilikudanganya nikacheze."

Shangazi akaiweka simu chini. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko fimbo.

Kesho yake waliiosha chupa pamoja, wakatia maji na unga, wakaiweka juani. Mapovu yalitoka machache, kama zamani. Chiriku aliona aibu kuyatazama.

"Nimekuharibia, shangazi."

"Kutosuuza ni uvivu, na maji yameutibu. Uongo ndio ungetumaliza, maana njia ya mwongo ni fupi. Haya machache ni ya kweli, tutaanzia hapa." Akamkabidhi chupa nyingine chafu. "Ukimaliza nitakuuliza tena kama umesuuza. Nataka nikuamini bila kuja kuchungulia."