Dakika Tano Nyuma

Wimbi la tatu ndilo lililovunja mlango wa chumba cha injini cha boti. Maji yakaingia kwa kishindo, injini ikakohoa mara mbili, ikazimika. Fundi, aliyekuwa chini akipambana na pampu, alirushwa ukutani. Walipomtoa, mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko.

"Shemeji, usiuangalie," nahodha alimwambia, akiufunga kwa kipande cha ubao. "Niangalie mimi."

"Wewe nimekuangalia miaka ishirini. Hujawahi kunipunguzia maumivu."

Mpimaji, mwanamke aliyekuwa pembeni yao, alicheka bila kutaka. Safari ilikuwa yake. Setelaiti hupima kimo cha bahari kwa rada. Palipo na mlima chini ya maji, mwamba huvuta maji kuuelekea, na uso wa bahari huinuka kidogo, kiasi ambacho jicho haling'amui. Kwa mwinuko huo huchorwa ramani ya nguvu ya mvutano. Lakini karibu na pwani rada hugonga nchi kavu pia, vipimo vikachafuka. Wenzake ofisini walivitupa. Yeye alivisafisha mwaka mzima, na sasa alikuja kuvihakiki kwa kipima mvutano kilichofungwa sakafuni mwa boti. Nahodha alimwita Mama Mizani.

Redio ilipitisha ujumbe mmoja kabla ya kufa. Waokoaji wangefika mahali walipotaja baada ya muda wa saa sita. Lakini upepo ulikuwa ukiwasukuma bahari kuu, na dumu la maji ya kunywa lilibaki moja.

"Tutie nanga," alisema mpimaji.

"Wapi? Chati inasema kina ni mita mia tatu. Kamba yangu mita mia."

Akamwonyesha doa jekundu kwenye ramani yake, mbele kidogo, upande walikokuwa wakisukumwa. "Hapa pana mlima."

"Umeuona?"

"Nimeupima."

"Kwa chombo kilicho angani, Mama Mizani!"

"Na hiki cha humu ndani kitatuambia kama naota."

Nahodha alitazama winchi ya kuvutia nanga, iliyokufa pamoja na injini. Nanga ikishuka ikakosa kushika, watu wawili wasingeweza kuipandisha kwa mikono katika bahari ile. Walikuwa na nafasi moja tu. Akaenda mbele, akasimama na nanga miguuni.

Mpimaji akapiga magoti mbele ya chombo chake, kilichotumia betri yake chenyewe. Mawimbi yaliitikisa sindano ovyo, kwa hiyo mashine ilichukua wastani wa dakika kumi. Namba ikapanda. Ikapanda tena.

"Nishushe?"

"Bado! Inapanda!"

Ikapanda zaidi. Alitaka kungoja mpaka isimame, kama alivyozoea mezani. Kisha akakumbuka. Wastani wa dakika kumi ni habari ya dakika tano nyuma. Namba ikifika kileleni, wao watakuwa wameshaupita mlima.

"Shusha! Shusha sasa!"

"Si ulisema inapanda?"

"Shusha, kaka!"

Kamba ilikimbia ikivuma. Mita thelathini. Hamsini. Sitini, ikalegea: nanga imegusa chini. Nahodha akaiachia yote iliyobaki. Boti ikaendelea kwenda, nanga ikaburuzika, ikaruka, kisha ikashika, na boti ikageuza pua taratibu kuukabili upepo. Ikatulia hapo, ikipanda na kushuka.

Hakuna aliyeshangilia. Kwa saa tano walipokezana kuilinda kamba isisuguliwe na ukingo wa boti, wakaivika matambara, wakayabadilisha yalipochanika. Viganja vilitoka damu. Maji walikunywa kifuniko kwa kifuniko, fundi kwanza.

Waokoaji walipofika, walimpandisha fundi kwa uangalifu, kisha wakapiga kelele kamba ya nanga ikatwe. Nahodha akachomoa kisu. Akamwona mpimaji amerudi magotini, mgongo ukimtetemeka kwa baridi, akifungua daftari.

"Unafanya nini tena, dada?"

"Tumesimama juu ya mlima. Sijawahi kusimama juu yake."

Nahodha akarudisha kisu kiunoni. "Subirini dakika kumi!" aliwapigia kelele waokoaji. "Mama anapima!"

"Mna wazimu? Tuna mgonjwa huku!"

"Mgonjwa mwenyewe anasema mumwache apime!" fundi akajibu kutoka boti ya waokoaji.

Nahodha akaja, akaketi sakafuni, akaikumbatia mashine kwa mikono miwili isitikisike.

"Haya," alisema. "Nisomee."