Maiki ya Sabufa Yangu Ilidaka Ndoa ya Faudhia

"Nimekubali ndoa ya Faudhia binti Mbwana..."

Hiyo ni sauti ya mume wangu, nyie. Muhsin wangu mwenyewe, ndoa ya miaka tisa!

Na sikuisikia kwenye simu, wala hakuna shoga aliyeniletea umbea. Ilitoka kwenye sabufa yangu, hapo sebuleni, Ijumaa baada ya alasiri, nikiwa nakunja nguo zake.

Ikakwaruza krrrr... ikakatika. Iliporudi, watu walikuwa wanaitikia "amina", na nyuma yao vigelegele.

Fulana ya Muhsin ikanidondoka mkononi.

Msinione chizi. Ngoja kwanza niwaeleze hiyo redio, maana ndiyo iliyonivua nguo.

Mimi naitwa Yusra, nashona nguo nyumbani, hapa Handeni mjini. Mwezi uliopita Muhsin alirudi kutoka Korogwe na hom thieta ya bei poa. Kampuni siijui, hata herufi za kwenye boksi zilikuwa zimefutika nusu.

Boksi linasema spika tano. Zinazolia ni nne, ya tano ipo ipo tu. Rimoti haisikii mpaka uibandike kwenye redio kabisa. Ukiunga bluetooth, kuna mwanamke humo ndani anaongea kama ana mafua. Besi ikipanda kidogo, vikombe vyangu vinatembea kabatini.

Lakini niliipenda, wallahi. Ilikuja na maiki isiyo na waya, nikawa naimba kaswida huku nashona, mtaa mzima unajua Yusra yupo.

Tatizo likawa moja. Inadaka maiki za watu.

Siku moja nimekaa zangu, ikaanza kutangaza viatu vya mtumba! Nikamwita fundi Rehani. Akaifungua, akacheka, akasema redio za aina hii zote maiki zake ziko kwenye mawimbi mamoja. Mwenye kama hii akiwa karibu yako, akiongea kwake inalia kwako, na wewe ukiongea inalia kwake.

Nikaona kichekesho tu. Mtaani kwetu nani mwingine anayo?

Jibu alikuja nalo Kaleb, bodaboda aliyetuletea mzigo kutoka stendi. Wiki iliyofuata alileta cherehani yangu kutoka kwa fundi, akaniuliza kama na lile boksi la pili linapiga vizuri hivi. Nikamuuliza boksi gani la pili. Macho yakamtoka, akawasha pikipiki, hata hela yake hakudai.

Maboksi mawili... yanayofanana.

Mnaoishi huku mnajua maana yake. Mwanaume wa Kiislamu akinunua vitu viwili sawasawa, doti mbili za khanga rangi moja, vitanda viwili, magodoro mawili, watu hawaulizi kwa nini viwili. Wanauliza wa pili ni nani. Maana wake wawili lazima wapewe sawa.

Na mimi wa pili nilikuwa nimeshamjua kitambo.

Faudhia. Mwanamke wa Korogwe, ameachika, kahamia hapa mwaka jana. Anakaanga chapati ubavuni mwa duka la spea la Muhsin, na nyumba aliyopanga ni ya tatu kutoka kwangu, kwa nyuma. Ana vishimo mashavuni. Akicheka anaweka mkono kifuani, na mimi kile kimkono kilikuwa kinaninyima usingizi.

Wivu ndiyo ugonjwa wangu, sikatai. Nilikuwa nanusa mashati ya mume wangu kama yana mafuta ya chapati. Uzi wa kushona nilikuwa naununua kipande kipande, ili nipate sababu ya kupita pale mara tatu kwa siku.

Kuna siku nikawakuta vichwa vimegusana juu ya simu ya Muhsin, wanacheka. Waliponiona, Muhsin akaizima.

Sikuuliza. Nilichukua beseni la unga wa Faudhia, donge lote limeshakandwa, nikalimwaga mchangani mbele ya wateja wake. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba mwanamke huyu hataingia kwenye ukoo wetu nikiwa hai.

 Faudhia aliinama akaanza kuokota unga wake.

Hilo neno langu likumbukeni.

Basi, turudi Ijumaa. Asubuhi Muhsin aliniambia akitoka msikitini anapitiliza shambani Magoma kuangalia maharage yetu. Akavaa kanzu ya Idi! Nani anakwenda kukagua maharage na kanzu ya Idi?

Nikanyamaza. Sasa sabufa ndiyo ikaongea.

Sikuwa peke yangu. Nalotuesha, mama wa Kimasai anayeniletea maziwa, alikuwa mlangoni na galoni lake. Naye alisikia. Akaniuliza taratibu kama huyo si baba wa nyumba hii. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiye.

Akasema kwao mume akitaka kuoa, mke mkubwa anaambiwa kwanza, na siku ya siku ndiye anayempokea mwenzake. Alikuwa ananipoza, maskini, ila kila neno lilikuwa linanichoma.

Mke mkubwa! Mimi! Nimeshakuwa mke mkubwa na sijaambiwa!

Nikamtafuta mdogo wangu Ukasha. Ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Mama alifariki Ukasha ana miaka minne, mzee wetu Mdoe akamfuata, nikamlea mimi. Sasa ni dereva wa lori, na wiki ile alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpakani kule Kasumbalesa.

Simu yake inatumika. Nikarudia, inatumika. Mara ya tatu nikaitupa kwenye kochi.

Macho yangu yakaangukia kwenye maiki.

Nikakumbuka maneno ya Rehani. Ukiongea kwako, inalia kwake.

Nalotuesha akanishika mkono, akaniambia nivute pumzi kwanza, niende nikaulize kwa miguu yangu. Nilimsukuma, maziwa yakamwagika, wala sikugeuka. Nikawasha maiki, sauti nikaipandisha mpaka mwisho.

"Faudhia! Mwizi wa waume za watu we! Chapati zako hazikutosha, umeona uchukue na mume? Hiyo ndoa isikae! Usipate raha, usipate mtoto, urudi kwenu Korogwe kama ulivyokuja, mikono mitupu! Na wewe Muhsin, hiyo kanzu uliyovaa niliifua mimi!"

Nilisema na mengine. Hayo siyaandiki hapa, kuna watoto wanasoma.

Nilipoishiwa pumzi, nikatega sikio. Vigelegele hakuna, amina hakuna.

Kisha sabufa ikakohoa. Sauti ya mzee, shehe nadhani, ikauliza huyo mama ni nani. Sikumsikia aliyemjibu.

Halafu ikaja sauti nyingine, ndogo, imekwaruza, ya mtu aliye kwenye simu iliyosogezwa kwenye maiki.

"Dada Yusra. Shikamoo."

 Ni mtu mmoja tu anayeniamkia hivyo, akianza na jina.

"Dada, anayeoa ni mimi. Shemeji kanisimamia tu."

Nyie...

Muhsin alikuwa wakili! Lori limekwama mpakani, siku imeshapangwa, wazee wa Korogwe wameshafika kwa Faudhia, redio yake ndiyo kipaza sauti, kwa hiyo Ukasha akamwomba shemeji yake amkubalie ndoa. Kila Mwislamu anajua jambo hilo lipo. Mimi mwenyewe nimeshonea harusi za namna hiyo!

Alichosema Muhsin kilikuwa hivi: "Nimekubali ndoa ya Faudhia binti Mbwana kwa niaba ya Ukasha bin Mdoe."

Kiredio cha bei poa kikala maneno sita ya mwisho. Na katika hayo sita, mojawapo ni jina la baba yangu.

Muhsin alirudi jioni. Nilitamani anipigie kelele, hakupiga. Alikaa akavua kofia, akanieleza kila kitu kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Kumbe siku ile ya vichwa kugusana walikuwa wanaongea na Ukasha kwa video. Kumbe Ukasha alikuwa anajiandaa kuja kunieleza, ila aliposikia nimemwaga unga na kuapa kwamba Faudhia hataingia kwenye ukoo wetu, akaogopa. Akamwambia Muhsin ndoa ipite kwanza, dada atakuja kulainika.

Nikamuuliza, na zile redio mbili?

"Pesa alituma Ukasha," Muhsin akasema. "Akaniambia ninunue mbili, zisipishane hata kidogo. Maneno yake ni haya: moja ya mke wangu, moja ya mama yangu."

Sikuelewa. Nikamwambia mama yetu alishakufa.

Muhsin akaniuliza Ukasha kalelewa na nani.

Niliingia chumbani nikalia mpaka macho yakafunga. Redio mbili sawa kwa sawa, na mimi nilijipanga kwenye foleni ya wake, wakati mtoto wangu kaniweka kwenye nafasi ya mama. Nami zawadi yake ndiyo niliyoitumia kumlaani mkewe, siku ya ndoa yake, yeye akisikiliza kutoka mpakani.

Asubuhi nilikwenda kwa Faudhia na beseni jipya na kilo tano za ngano. Alipokea. Akaniita wifi, akanikaribisha chai. Lakini vile vishimo vya mashavuni sikuviona.

Ukasha alirudi baada ya wiki mbili. Hakupita kwangu. Nilijua amefika kwa sababu sabufa ilinong'ona, "alo, alo, moja mbili," wanajaribu redio yao, Faudhia anacheka pembeni.

Nikachukua maiki yangu. Nikaiwasha. Mwanamke mwenye maneno mengi kuliko wote Handeni, neno likanigomea. Nikasema tu, "Ukasha. Marahaba, mwanangu."

Maana siku ile aliponiamkia mbele ya shehe, sikumwitikia.

Kule kwao kicheko kikakatika. Nikabaki natazama taa nyekundu ya maiki.

Mlango ukagongwa.

Mwenzenu nimejifunza kwa aibu. Ukisikia neno linalokuchoma, subiri limalizike. Nyumba ya tatu ni hatua hamsini tu, ningekwenda kuuliza, ningekula na pilau.