Jicho la Kushoto la Kigari

Maneno yale Bhargavi aliyasikia kwenye foleni ya maziwa, na tangu hapo hayakumtoka. Eti mwaka jana kigari cha roboti cha shule ya jirani kilibinuka mbele ya watu, na mtoto aliyejua sababu alikaa kimya. Wengine walisema ni uzushi. Lakini asubuhi hii, kila alipomeza tonge la idli, kile kitumbua cha mchele cha mvuke, yalimrudia.

"Hujala, mwanangu. Unaumwa?" mama yake, Sharada, aliuliza.

"Siumwi, mama."

Jana yake, siku ya sikukuu, mji mzima wa Mysuru, kusini mwa India, ulikuwa ukibariki vifaa vya kazi. Baiskeli, cherehani na misumeno vilipakwa unga mwekundu, ndimu zikawekwa chini ya magurudumu. Shuleni, Bhargavi alipewa heshima ya kukipaka kigari chao alama kwenye paji, katikati ya kamera mbili zilizokuwa macho yake. Alibonyeza kidole gumba kwa moyo wote. Kamera ya kushoto ikasogea kidogo tu. Akairudisha kwa kukisia, akanyamaza.

Na leo ndiyo siku ya mashindano. Kigari kilikaa juu ya jukwaa ukumbini, mbele ya wazazi, kama vile vinavyotua mwezini, kikiwa na mbao mbili za kuteremkia mchangani. Watoto walikuwa chumba cha pili na mwalimu wao, hawakioni. Kamera zingepima mawe yaliyo chini, nao wangechagua ubao kwa namba hizo tu. Nafasi ni moja.

Tejas, mwenzake, alisoma namba. "Pande zote ni salama. Basi, ubao wa kulia! Unaishia sentimita sitini, jiwe liko tisini. Bonyeza!"

Kidole cha Bhargavi kiligoma.

"Vipi wewe? Jana kasuku, leo kobe?"

"Mwalimu," Bhargavi alisema, "jana nilisogeza kamera ya kushoto. Namba hizo si za kuaminika."

"Balaa! Na umelala nalo usiku kucha?" Tejas alimaka.

Mwalimu Hemalatha aliinua mkono. "Kelele hazipimi kitu, Tejas. Bhargavi, kamera inaona nini ambacho umbali wake tunaujua kwa hakika?"

Bhargavi alifikiri. "Mwisho wa ubao! Tuliupima kwa rula. Ni sitini."

Waliiuliza kamera. Ikajibu: sabini na tano.

Kumbe! Kutokana na kosa hilo, ambalo hukua kadiri kitu kilivyo mbali, walikokotoa jicho limepinda kiasi gani, wakapima mawe upya. Jiwe la kulia halikuwa tisini. Lilikuwa sitini na tisa, karibu kabisa na mguu wa ubao. Kigari kingelipiga na kubinuka. Kushoto palikuwa peupe.

Bhargavi akabonyeza. Kigari kikateremka polepole, gurudumu kwa gurudumu, hadi mchangani. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Wangu huyo! Jamani, huyo wangu!" Sharada alipaza sauti, na wala hakuona haya.

Tejas alimsukuma Bhargavi begani. "Kobe, leo umetuokoa."

"Ushindi wetu wa kwanza ni ule wa kusema kweli," alisema Mwalimu Hemalatha. "Andikeni mambo ya kuepuka:

Usiguse kamera iliyokwisha kupimwa.
Ukiigusa, usiirudishe kwa kukisia.
Usiamini namba kwa sababu inakupendeza.
Usimcheke anayekiri kosa.
Usifiche kosa ukingoja lijirekebishe."