Waceke na Nambari 19,043

Kila jioni, baada ya kufagia darasa, Waceke na rafiki yake Kulthum walibaki shuleni kwao Ruiru wakifanya hesabu. Mwalimu Mutinda alikuwa akiwatayarisha kwa mashindano yatakayofanyika Thika. Washindi wangewakilisha kaunti, na shule yao haikuwa imewahi kufika hapo.

Siku ilipowadia, swali la mwisho liliandikwa ubaoni: "Je, 19,043 ni nambari tasa?" Yaani, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe? Vikokotoo havikuruhusiwa.

"138 mara 138 ni 19,044," Kulthum alinong'ona. "Imezidi kwa moja tu! Kwa hivyo kama inagawanyika, lazima kuna nambari tasa chini ya 138 inayoigawanya. Mimi nitajaribu ndogo, wewe kubwa."

Wakainama. Waceke aligawanya hadi vidole vikamuuma. Kila mara kulikuwa na baki. Alipofika 113, meza ya mbele ikainua mkono kuonyesha imemaliza. Nyingine ikafuata, kisha nyingine.

"Zangu zote zimebakisha. Umemaliza?" Kulthum akauliza.

"Nimemaliza. Hakuna."

Hakuwa amemaliza. Zilibaki 127, 131 na 137. Lakini nyingi hivyo zilikuwa zimekataa. Hizo tatu zingekuwa na nini?

Kulthum hakutazama hata karatasi ya Waceke. Alishika kalamu, akaanza kuandika jibu: "Ni nambari..." Waceke akamshika mkono.

"Ngoja! Nimekudanganya. Bado tatu."

"Waceke! Na muda unaisha!"

"Najua. Nisamehe. Chukua 127."

Kulthum akanuna, lakini akagawanya. Ikabaki 120. Waceke akajaribu 131, ikabaki 48. Msimamizi akatangaza dakika ya mwisho. Waceke akaishika 137. Ikaingia mara 139. Akatoa.

Sufuri.

"Imegawanyika!" alisema, karibu apige kelele.

Kulthum akafuta maneno yake upesi, akaandika: "Si tasa. Ni 137 mara 139." Kengele ikalia.

Karibu meza zote zilizotangulia zilikuwa zimeandika "tasa". Msichana wa meza ya mbele alijishika kichwa jibu lilipotangazwa. Shule ya Ruiru ikatajwa mshindi.

Nje, Mwalimu Mutinda aliwapongeza huku akicheka. Waceke hakucheka.

"Mwalimu, mimi nusura niharibu. Nilimwambia Kulthum nimemaliza na sikuwa nimemaliza."

Mwalimu akaacha kucheka. "Ni vizuri umesema. Mtu akijaribu nyingi akaacha moja, bado hajui jibu, anakisia tu. Lakini kosa kubwa halikuwa uvivu. Mwenzako alikuwa anaweka jina lake kwenye kazi ambayo hukuifanya. Ukichoka, sema umechoka, usaidiwe. Usiseme umemaliza."

"Ndiyo, mwalimu."

Kulthum akamgusa Waceke begani. "Siku ya kaunti, nitatazama karatasi yako."

"Tazama," Waceke akajibu. "Na mimi nitatazama yako."